Kwa Nini Nilifeli Kupima Presha

Bweni la Wasichana,
Wiki ya kwanza ya muhula.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka ameniandikia kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, ingawa najua kaka hupenda kupamba habari ili nisiwe na wasiwasi huku. Na mjomba je, amesharuhusiwa kutoka hospitali? Mpe pole zangu, tena pole za kweli, maana nilichosema siku ile kwenye simu hakikuwa pole. Hilo nitalieleza humu humu. Naomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika tena.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mwenzangu wa chumba, yule tunayemwita Twiga kwa urefu wake, anakusalimu sana.

Mama, ulisikia juu juu kwamba masomo yalikuwa yananisumbua. Ukweli ni kwamba nilikaribia kurudishwa nyumbani. Unajua nasoma uuguzi kwa ufadhili. Ambacho sikukueleza, kwa kuwa hata mimi sikukielewa vizuri, ni kwamba ufadhili huo una masharti. Wastani wa alama usishuke chini ya kiwango, na katika kila masomo matatu unayoyaanza, angalau mawili uyafaulu. Ukishindwa unapewa onyo. Ukishindwa tena, ufadhili unasimama.

Mwaka jana nilifeli mazoezi ya wodini, nikapewa onyo. Muhula uliofuata, nilipoona masomo mengine mawili yananielemea, nikajiondoa kabla ya mitihani, nikijiona mjanja: asiyefanya mtihani atafelije? Afisa wa ufadhili, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba ujanja huo huletwa mezani kwake kila muhula. Somo ukishalianza limehesabiwa, na ukiliacha katikati ni kama umelifeli. Ufadhili wangu ulikuwa umesimamishwa. Kilichobaki ni rufaa, akasema, na kwenye rufaa wanataka kujua nini kilitokea na nini kimebadilika.

Twiga ana moyo mzuri, lakini akili yake hukimbilia njia za mkato. Alinishauri niandike kwamba nilifiwa na babu. Nikamkumbusha kuwa babu alifariki kabla sijazaliwa. Akasema vizuri, basi hatutakuwa tumemchuria mtu. Nilicheka, mama, lakini karatasi ilibaki nyeupe, maana mwenyewe sikujua nini kilitokea. Sikuwa mvivu. Nilichosoma kitabuni nilikielewa. Kilichosemwa darasani kilinipita, nikaamini kwamba nimekuwa mjinga.

Nikaenda kwa mwalimu wa mazoezi ya wodini kumwomba aniunge mkono. Alikuwa na sababu ya kunikumbuka. Mwaka jana nilipima presha ya mgonjwa mbele yake, nikamsomea namba, naye akairudia kazi mwenyewe akapata namba nyingine kabisa. Nilikuwa nimekisia, mama. Niliufuata mshale wa kipimo kwa macho, kwa sababu kwenye kile kifaa cha masikioni sikusikia pigo hata moja, nikaogopa kusema. Basi siku hiyo ofisini kwake, nikiwa nimeinamia mkoba wangu, aliniita akiwa amesimama kwenye kabati, nyuma yangu. Inaelekea aliniita zaidi ya mara moja. Nilipoinua uso alikuwa amekuja kusimama mbele yangu, ananitazama.

"Unanisikia?" akauliza.

"Nakusikia, mwalimu."

"Kwa sababu unaniona," akasema.

Akanipeleka mwenyewe kupimwa. Mama, sikio langu la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linasikia nusu. Daktari anasema masikio yamekuwa yakififia polepole kwa miaka, nami bila kujua nikajizoeza kusoma midomo ya watu. Lakini simu haina midomo. Siku uliponipigia kuniambia mjomba amelazwa, nilishika neno "mjomba" tu, na sauti yako ikipanda, nikadhani amepata ile kazi aliyokuwa akiingoja. Ndipo nikasema hongera, Mungu amzidishie. Ukakata simu. Kaka ananiambia unaamini chuo kimenipa kiburi. Sikukudharau, mama. Sikukusikia.

Kuyaandika haya kwenye rufaa kulinitisha kuliko kufeli kwenyewe. Nani atamsomesha muuguzi asiyesikia? Nikamuuliza mwalimu iwapo naweza kutaja ugonjwa tu bila kuutaja jina. Akanijibu taratibu, "Wanaweza kukuondoa, sikudanganyi. Lakini ukificha, siku moja utakisia presha ya mtu na mimi sitakuwepo kuirudia." Nikaandika yote, pamoja na kule kukisia.

Wamenirudishia ufadhili kwa muhula mmoja wa majaribio. Nimepunguziwa masomo, lakini lazima niyafaulu yote, na nisiache hata moja. Mazoezi ya wodini narudia, na hayo ndiyo yatakayoamua kama nitaendelea na uuguzi au nitahamia kazi ya maabara. Sijui itakuwaje. Nimepewa kifaa cha kusikia cha sikio la kulia, na kingine cha kupimia kinachokuza sauti. Juzi nililisikia pigo la damu kwa mara ya kwanza. Nilitegemea kitu kama ngoma; kumbe ni kama mtu mwenye adabu anagonga mlango kwa kidole. Nikapima tena kwa raha tu, hadi mgonjwa akaniuliza kama anakufa.

Likizo nakuja. Msimlaumu mtu, na wewe usijilaumu. Hata mimi nilikuwa ndani ya kichwa hiki na sikujua. Nina ombi moja tu. Ukiwa unashona huwa unazungumza umeinamia cherehani, pini umezibana midomoni, na habari zako tamu zote huzitoa hapo hapo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimtazama kaka, akicheka nacheka, sijui tunacheka nini. Safari hii toa pini kwanza, mama, unigeukie, unisimulie zote upya.

Nisalimie kaka, mjomba na majirani wa mlango wa pili. Mungu akuweke.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako.