Dahabo Aliimba, Mimi Nikadanganya

Abaayo, dada yangu wa Norwe,

Wameniambia umekufa kwa uzee. Hata huko umenitangulia, wewe uliyeachwa nyuma na mbuzi njia nzima ya Kotile!

Ni kipi hukuandika? Mashairi, michezo ya redio, hadithi za watoto, hata kitabu cha mapishi, na chai yenyewe uliiunguza. Mimi na darasa langu la nne nikawa mkalimani wako, maana waliosoma walikuwa wamekimbia vita.

Unakumbuka kile kijiji cha seng'enge walikotufungia askari wa serikali, wakisema tunalisha shifta, waasi wa porini? Dada yangu Dahabo alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, anaimba kwa Kisomali. Ukanigusa kiwiko. "Anasemaje?"

"Anambembeleza mtoto alale: lala mnono wangu, mama yupo, mwezi unakutazama."

Ukatabasamu, ukaandika. Dahabo akanyamaza. "Mbwa wewe, mbona mgeni wako anacheka? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia una sauti nzuri."

Abaayo, hapakuwa na mtoto. Alikuwa anamlilia mwanawe Gedi, aliyepigwa risasi kisimani akinywesha ngamia, na alikuwa anawataja askari waliompiga. Askari aliyesimama nyuma yako Kisomali hakukijua, lakini Kiswahili alikisikia kuliko wewe. Nikaogopa. Nikasema moyoni nitakurekebishia kesho. Kesho yake lori likakuchukua.

Miaka ikapita, kikaja kitabu chako cha watoto, kwa Kiswahili: mama, mwezi, mtoto mnono. Dahabo hakujua kusoma; nikamwambia ni wimbo wake. Akakipapasa. "Gedi wangu yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha yule mnono. Akaibusu karatasi.

Nilikuandikia mara mbili nikachana. Utani ninauweza, wallahi, kuungama sikufundishwa.

Sasa Dahabo naye yuko mchangani, na wanawake waliokuwa wakimwitikia wamekwisha. Wimbo wake ulikuwa mrefu kama alasiri ya Ramadhani. Mimi nimebakiwa na mstari mmoja: "Gedi, ngamia wamekunywa, wewe umebaki na kiu." Nikitafuta mengine, yanakuja yale ya uongo niliyokutungia.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anambembeleza mwanawe kwa wimbo wa kitabu chako. Nilitaka kumwambia nyamaza, huo si wimbo wa bibi yako. Lakini angeniuliza wa bibi ni upi.

Mtoto akalala.

Nawe lala, abaayo. Huku sina tena wa kumwomba radhi.

Ndugu yako,
mkalimani wa uongo