Kile Kipande Nilichokiweka Mimi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama Clotilde amekuja leo kwa pikipiki, amepakata ordinateri, kompyuta ya kituo cha afya, kama mgonjwa, imefungwa kwa kitenge. Yeye ndiye muuguzi mkuu pale. "Jenny, ile mashine yako iko nakufa macho wazi!" Anasema inaganda: picha inabaki, kishale hakitembei, saa ya kwenye kona imesimama. Ijumaa mara tatu. Kisha siku mbili nzuri, kama haina kitu. Haina mpango!

"Yako" – kwa sababu mwezi wa saba mimi ndiye niliyeiongezea kumbukumbu. Ilikuwa nzito, nikaweka barrette ya pili, kile kiubao chembamba ambamo mashine inashikilia kazi ya wakati huo. Walifurahi sana.

Nimeifungua. Vumbi jekundu la hapa Kikula limejaa kwenye feni. Nimepuliza, nimepangusa. Joto tu hilo. Nimemwambia aje kesho mchana.

Jumanne, 7 Oktoba

Si joto! Nimepima, iko baridi. Nikaiacha bila kazi yoyote, nikawa nakula muhogo naitazama. Ikaganda mbele yangu. Mkono bado mdomoni!

Labda umeme, maana wetu unapanda unashuka. Nimeiweka kwenye betri. Baada ya saa moja na nusu, imeganda. Nimeweka diski nyingine, tupu kabisa. Imeganda! Virusi gani vinaishi kwenye diski tupu?

Mama Clotilde alikuja, akarudi mikono mitupu. Hakugomba. Amesema tu wanaandika kwa daftari, nifanye haraka.

Jumatano, 8 Oktoba

Imebaki kumbukumbu. Nimeiweka ya mwisho makusudi, ninajijua.

Kuna programu ya kuipima: inaandika kitu katika kila chumba cha kumbukumbu, kisha inarudi kusoma. Nilichoweka ndicho ninachokikuta? Nimeanza saa tatu asubuhi. Saa tano umeme ukakatika, betri nayo imekwisha. Kuanza upya. Saa nane, zaidi ya nusu, safi – nikaanza hata kuimba. Halafu mstari mwekundu: kosa. Mmoja. Kisha skrini nzima nyekundu, inakimbia kama mvua! Nilisimama ghafla hadi kiti kikaanguka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Moja moja leo. Barrette ya zamani peke yake: mizunguko miwili, hakuna kosa. Yangu peke yake: nyekundu, dakika ya ishirini na tano. Labda tundu ndilo bovu? Nimeihamishia tundu jingine. Nyekundu, dakika ile ile.

Ni yenyewe. Yangu.

Dakika ya ishirini na tano! Mwezi wa saba niliipima dakika kumi. Ilitoka kwa Athanase, muuza vipuri, aliichomoa kwenye mashine iliyokufa kule Kambove, na alinionya: "Upime muzuri, weye." Lakini Mama Clotilde alikuwa kwenye benchi ananingoja, nikaona aibu kumchelewesha.

Nimeitoa. Mashine imetembea mchana wote bila kuganda. Nimefungua orodha moja ya kituo, ya watoto, kuhakikisha kila kitu kipo. Gaston ameandikwa Geston. Nimecheka. Chini yake: kilo 1<. Sikucheka tena.

Nimerudi kwenye ile mistari myekundu. Kosa ni lile lile daima: mashine inashika kila herufi na tarakimu kwa sehemu ndogo zinazowaka na kuzimika, na sehemu moja haizimiki, inabaki imewaka. Nimechukua kalamu nikahesabu. Ikiwaka, a inakuwa e. 8 inakuwa <. 2 inakuwa 6.

Yezu wangu. 2 inakuwa 6! Mtu akiona < anajua ni kosa. Akiona 16 badala ya 12, atajuaje?

Nimekuwa nikihangaika na siku zilizoganda. Kumbe siku ambazo haikuganda ndizo mbaya!

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilifika kituoni kabla hawajafungua. Nimesema yote nimesimama, sikukaa.

Ile orodha ni ya watoto wenye kifafa. Sikujua! Mama Clotilde anampima mtoto, anaandika kilo kwa daftari, kisha kwa mashine, na mashine inatoa karatasi ya dozi. Karatasi hiyo ndiyo mama anaenda nayo nyumbani. Hakuna anayesoma tena kilo.

Tumekaa, yeye na daftari, mimi na orodha. "Kumi na mbili." Kumi na sita. "Tisa na nusu." Tisa na nusu. "Kumi na tatu." Kumi na saba. Sauti yake ikawa inapungua. Watoto sitini na wanne, na kumi na mmoja si sawa. Wote wamepanda! Hakuna hata mmoja aliyeshuka. Wanakunywa dawa ya watoto wakubwa kuliko wao.

"Tangu wakati gani?" Sijui. "Jenny, tangu wakati gani?" Sijui, Mama!

Amevua miwani. Amesema kuna mama mmoja alimwambia mtoto analala sana. "Minye nikamujibu ni muzuri, kichwa iko napumuzika." Hakuivaa tena miwani.

Daktari Déogratias amesema kwa simu waletwe wote leo, wasipewe dozi nyingine kabla hajawaona. Hadi jioni wamepatikana kumi. Wengi ni wazima. Wawili wanapepesuka kama walevi, wamelazwa. Mama Clotilde amewaambia akina mama kwamba mashine imekosea. Mimi nilikuwa pale pale, nimeegemea ukuta. Nikanyamaza! Mama kumi, na nimenyamaza.

Wa kumi na mmoja ni Elikia. Miaka miwili, kilo kumi. Mashine imeandika kumi na nne. Mama yake, Mwadi, ni muuza samaki, amerudi kambi ya wavuvi kwenye ziwa Tshangalele na dawa za mwezi mzima. Simu yake haipatikani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumetoka asubuhi na pikipiki mbili. Njiani tulisimama, nikamwambia Mama Clotilde kwamba leo nitasema mwenyewe. Akajibu: "Utasema. Lakini mbele mutoto, maneno nyuma."

Ninaandika hapa nje, kwa Mwadi, nimekaa juu ya gunia la chumvi.

Alitupokea kwa kicheko! Alimkumbatia Mama Clotilde. "Aksanti, Mama! Tangu hii karatasi mupya, hapana kuanguka tena hata mara moja. Iko nalala tu. Hata kulia hapana!" Akatuonyesha karatasi, ameitia kwenye plastiki isilowe. Kila dozi ameiwekea alama ya kalamu. Hajaruka hata moja. Hata moja!

Mtoto yuko kwenye mkeka, mdomo wazi. Mama Clotilde amepiga magoti, amemwita, amemfinya sikio. Jicho moja likafunguka, likajifunga. Anapumua. Nimeona kifua kinapanda, lakini polepole mno! Nimetumwa kutafuta gari. Kuna mtu ana kamyoneti ya samaki, amesema anashusha mzigo, anakuja. Ndiyo naingoja. Afadhali mikono ishike kalamu.

Ndani namsikia Mama Clotilde: "Elikia. Elikia! Mutoto wangu, angaria huku." Kofi dogo, kwenye unyayo. Kimya. Tena.

Mwadi ametoka. Hacheki. Amekaa karibu yangu, anauliza kwa nini tunamwamsha mtoto aliyelala vizuri. "Na weye? Uko muganga wa nini?"

Nimemwambia mimi si mganga. Mimi ni wa mashine.

"Mashine gani?"

Nilifungua mdomo, Mama Clotilde akamwita ndani kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Mwadi alikimbia.

Kamyoneti inasikika, bado haionekani. Sasa Mwadi anatoka na mtoto mikononi, kichwa kinaning'inia kwenye kiwiko chake, ile plastiki yenye karatasi ameibana kwa meno. Hatazami njia. Ananitazama mimi, yule wa mashine, anakuja.