Nimemfukuza mchumba usingizini

Shadya, aliyelala mwamsheni! Msipomwamsha atawaaibisha.

Leo wazee wa Ridhwan wamekuja kwetu Mpendae kuniposa. Mimi niko chumbani, nyuma ya pazia, nikasinzia. Nikaota nyoka.

Kumbe ndiyo saa baba ananiuliza kutoka sebuleni: "Shemsa, Ridhwan umemridhia?"

Nikapiga kelele: "Mtoeni! Mtoeni nje!"

MTOENI NJE, shoga! Sebule nzima wakageukia pazia.

Na mimi ningenyamaza, si kimya cha mwari ndiyo ridhaa? Wapi! Nimetoka mbio, kanga upande, nikaanza kuwasomesha: ndoto ni mazoezi ya kukabili hatari, tumeyarithi kwa watu wa kale waliolala porini. Hata paka akitikisa miguu usingizini, anawinda panya.

Mamake Ridhwan, Bi Salhiya, akauliza taratibu: "Kwa hivyo mwanangu ndiye hatari, au ndiye panya?"

Unajua nilimjibu nini? "Utafiti bado haujakamilika, Bi."

Ulimi huu!

Wameondoka, halua hawajaigusa. Sasa hivi Ridhwan kaniandikia: mama harudi mpaka nimwombe radhi.

Nampenda, wallahi nampenda. Lakini kuomba radhi kwa ndoto? Siombi.