Mbuzi Tatu za Muindi

Sauda, wacha hiyo chai usome. Tuko kwa kina Kavata hapa Tawa na mjukuu wangu Muindi amekwama!

Muindi ameleta mbuzi tatu za ntheo, za kumposa Kavata. Babake msichana anacheka tu. Anacheka, Sauda!

"Kamera umeficha wapi, wewe?" Mzee anafunua mpaka sufuria akiitafuta.

Si unakumbuka Muindi alianza na vichekesho vya vijana wa kanisa, mpaka Nairobi wakamwajiri aongoze matangazo? Na lile la sabuni lililompa jina, la posa ya uongo, wazee wakirekodiwa bila kujua? Mzee ameliona. Kila mtu ameliona.

Muindi akaapa posa hii ni ya kweli. Wakacheka. Akapiga magoti, machozi yakamtoka kabisa. Wakampigia makofi! "Aii, huyu anajua kulia!"

Na mbuzi zikirudi nyumbani bila kupokelewa, hakuna ndoa.

Sasa Kavata ametoka jikoni. Yeye hacheki. Amemuuliza polepole, "Na mimi, Muindi? Mimi pia ni tangazo?"

Maskini kijana! Kila neno tamu alilo nalo alishalitumia kuuza sabuni.