Farasi Ile Haikuwa na Mwenyewe

Kasha, Bukavu

Papa yangu mupenzi,

Yezu akulinde, wewe na mama. Kile kikohozi chako kimepunguka? Na nguruwe za pori, zimebakisha mihogo kidogo? Mimi niko muzima. Lakini Barnabé, mutoto wa tante Faida, haiko muzima, na ni juu yake naandika. Ukae chini kwanza, papa.

Unajua tunachunga farasi za bazungu, sisi bawili. Bwana yetu alikuwa na farasi za kutembelea tu. Kila dimanche, siku ya misa, alirudi kutoka mashindano na uso mubaya, sababu benzake balikuwa na farasi za mbio, yeye hana. Akaanza kutafuta njia. Rafiki yake akamushauri anunue mutoto wa farasi, amulee. Akasema hana roho ya kungojea. Madame, bibi yake, akamuambia ashirikiane na mutu mwingine, akakataa. Mwishowe muzungu mumoja wa shamba la kahawa, aliyetaka kurudi Ulaya, akamuambia: "Chukua yangu kwa essai, uijaribu kwanza. Ikikupendeza, tutaandikishana. Ikikushinda, utairudisha." Bakapeana mikono.

Ilikuwa farasi jike, nyekundu, yenye woga. Barnabé akaipenda sana. Alikuwa anaiimbia karibu na masikio mpaka inatulia. Dimanche moja bwana akasema: "Barnabé, panda, nione mbio yake kabla sijakata neno." Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona farasi ikateleza, ikaanguka, na Barnabé akawa chini yake. Nilikimbia. Nilimusikia anaita mama yake kwa luga ya kwetu.

Farasi ilivunjika mguu, bakaipiga risasi pale pale. Barnabé alivunjika mugongo. Papa, miguu yake haimusikii tena.

Ku lopitalo sista akauliza: "Nani atasimamia huyu?" Bwana akajibu: "Aliumia juu ya farasi ya mutu mwingine. Mimi nilikuwa naijaribu tu." Nikaenda kwa yule wa kahawa. Hakunikaribisha hata ku mulango. "Nilikwisha kumupa bwana yako," akasema. "Muulizeni yeye." Hivi farasi ikakosa mwenyewe, na Barnabé vilevile.

Juzi bwana aliniita. Nilizani anataka habari ya mugonjwa. Akasema: "Nimekubali kushirikiana na rafiki yangu. Farasi ingine itatoka Uganda. Wewe njo utaipanda."

"Bwana, Barnabé hajatembea."

"Nimekuuliza juu ya Barnabé?"

Nikamuambia atafute mwingine. Akanifukuza. Sijuti, papa, lakini naogopa, sababu sina kazi ingine, na masista banataka kitanda chao.

Nitamuleta Barnabé nyumbani siku ya soko inayokuja, na camion inayopita kwetu kwenda Hombo. Tafuta banaume bawili ba nguvu, batusaidie kumushusha. Na umuambie tante wewe mwenyewe, asisikie kwa batu.

Nisalimie mama, na dada yangu mukubwa Régine pamoja na bwana yake, na katekista Paulin aliyetufundisha kusoma, atuombee. Na tante Faida, mama ya Barnabé: mutoto wake anaomba asilie pale barabarani mbele ya batu. Angojee tufike nyumbani, mulango ufungwe. Anasema hapo batalia pamoja.

Ni mimi mutoto wako,
Déogratias