Siku Nilipodhaniwa Mshauri wa Ndoa

Chumba cha juu ya duka la vitambaa,
Barabara ya Sokoni.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukaidi. Unalikanda kwa maji ya moto, au mmeshazoeana tu? Sisi huku hatujambo. Kaka yako anakohoa kidogo, ila ukimtajia hospitali anapona papo hapo. Mkweo ni mzima, na watoto wanarefuka mpaka suruali zinawakimbia miguuni.

Uliponiuliza kwenye simu kama nimeacha kazi au kazi imeniacha, simu ilikatika kabla sijajibu. Niliacha mwenyewe, Shangazi. Miaka yote ile nikiwa afisa rasilimali watu pale kampuni ya bima, kila nilipoona jambo la kurekebisha niliambiwa lisubiri kikao. Nikachoka na vikao. Nikaona heri niwe mshauri wa kujitegemea, niwasaidie wenye biashara ndogo ambao hawawezi kuajiri afisa wa kudumu, lakini ugomvi wa wafanyakazi wanao tele.

Mama, huyo wifi yako, aliposikia alishika kiuno. “Mtu anatoka kivulini kwa miguu yake mwenyewe akaungue jua!” Baada ya hapo tukawa tunasalimiana kwa kukohoa.

Basi nikakodi chumba hiki. Nina meza, viti vitatu na feni inayozunguka ikijisikia. Fundi wa kibao naye alikosea vipimo: akaandika MSHAURI kwa herufi kubwa, halafu “wa rasilimali watu” yakabanana chini kama sisimizi. Wiki za mwanzo hakuja mtu, isipokuwa bwana mmoja aliyekuwa akitafuta choo.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja, mkoba kifuani, akakaa kabla sijamkaribisha.

“Mume wangu ananifokea,” akaanza. “Nikisema hili, ananijibu lile. Nishauri, mwanangu, kabla sijarudi kwetu.”

Nikamweleza kwa upole kwamba mimi si wa ndoa, ni wa mambo ya wafanyakazi. Wala hakutetereka. “Basi umepatikana! Hao nao wanamkimbia kila kukicha.”

Ndivyo nilivyopata mteja wangu wa kwanza. Mumewe ana karakana ya samani, na mafundi wake wanamwita Radi, kwa siri bila shaka. Misumeno ya umeme inalia pale tangu asubuhi, na yeye analia kuishinda. “Ni mke wangu aliyekutuma?” akaningurumia nilipofika. Hata hivyo alikubali nijaribu, mradi nimtafutie mafundi wenye adabu, maana hawa wa sasa, alisema, wanaondoka bila hata kuaga.

Nikakaa na mafundi mmoja mmoja nyuma ya rundo la mbao. Wote wimbo mmoja: kazi wanaipenda, lakini Radi anawagombeza mbele za wateja, hata wakiuliza kitu kidogo. Dada anayepaka vanishi, ambaye mkono wake ndio unaouza makabati yale, alikuwa ameshaamua kuondoka mwisho wa mwezi. Siku mtoto wake alipougua, aliomba ruhusa ampeleke hospitali. Radi akamjibu, “Iko stoo, rafu ya juu!” Akaona amefanyiwa kejeli, na moyo wake ukafa pale pale.

Mimi mwenyewe sikuelewa mpaka siku niliposimama nyuma ya Radi nikamuuliza ni mafundi wangapi wameondoka mwaka huu. Akasema, “Mti mgumu kabisa huo, ila siku hizi haupatikani.”

Nikashtuka. Radi hakuwa na hasira, Shangazi. Radi alikuwa hasikii.

Sasa nani amfunge paka kengele? Na paka mwenyewe ndiye mteja wangu pekee! Nilisubiri mapumziko ya mchana, mashine zimezimwa, nikakaa mbele yake uso kwa uso. “Mzee, mafundi hawakukimbii wewe, wanakimbia sauti yako. Na sauti inapanda kwa sababu masikio yamechoka.”

Alisimama, akanionyesha mlango. “Nilikukubali kwa mambo ya mafundi. Sikuita daktari.”

Nikakusanya karatasi zangu nikatoka. Na kama vile shetani alikuwa anachungulia, wiki ile ile bima wakanipigia simu: kiti changu bado kitupu, nirudi? Wifi yako akaanza kunisemesha vizuri ghafla. Mkweo hakunisukuma huku wala kule, alisema tu kwamba nilichomwambia mzee yule kilikuwa kweli. Nikawaahidi bima jibu siku ya Ijumaa, na nikuambie ukweli, nilikuwa nimeshapiga pasi nguo za ofisini.

Alhamisi nikasikia ngazi zinalalamika. Akaingia Radi, kofia mkononi, mkewe nyuma yake. Alisema kwa sauti ya chini mpaka nikalazimika kuinama.

“Baba yangu alizeeka kiziwi, na watu walikuwa wakimcheka mbele yake. Niliogopa mafundi wakijua, nami nitachekwa.” Akaigeuza kofia. “Sasa tuanzie wapi?”

Tulianzia kliniki ya masikio. Alipopata kifaa chake cha kusikia, alizima mashine, akawakusanya mafundi na kuwaambia mwenyewe. Hakucheka mtu. Yule dada wa vanishi akamkodolea macho: “Kumbe siku ile ulidhani naulizia vanishi!” Radi akamwomba radhi mbele ya wote, na dada hakuondoka. Siku hizi kila fundi anavaa vizuia kelele, na mwenye neno analisema ofisini, mlango umefungwa.

Ijumaa ile niliyowaahidi niliwapigia bima, nikawashukuru na kuwaambia sirudi. Radi amenitangaza kuliko redio: nina zahanati moja, nina shule, na kampuni ya mabasi inataka nikawapatanishe madereva na makarani. Mkewe naye alipita juzi kunilaumu: “Umeniharibia. Sasa anasikia hata nikinung’unika jikoni!”

Kazi zimenizidi, kwa hiyo wiki iliyopita nilikaa kumsaili msaidizi, mama mmoja aliyestaafu ukatibu. Mimi niliyesaili watu wasiohesabika, niliyasoma maswali kwenye karatasi kama mwanafunzi! Mwishoni nilimwuliza kama ana swali. Akasema, “Likizo hapa ni lini?” Tangu nifungue mlango huu sijapumzika, wala sikuwahi kulifikiria.

Nikampa kazi, na likizo nikaiweka kwenye mkataba wake. Yangu nimeipanga vilevile. Shule zikifungwa Desemba tunakuja kwako sote, pamoja na wifi yako, ambaye ameshaanza kufungasha na kuwaambia majirani kwamba wazo la kujitegemea lilikuwa lake.

Mpe Bibi shikamoo yangu, msalimie binamu yangu muuguzi, na umbusu Kitinda Mimba hata akikataa. Mungu aendelee kukutunza na akulainishie goti, maana ngazi za stesheni utazipanda kuja kutupokea.

Ni mimi nikupendaye sana, mwanao wa kwa kaka yako,
Kasuku