Filimbi Niliyoisikia

Msasani, Tukuyu
6 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha baridi ya mwezi huu hakijakusumbua kama mwaka jana. Mama naye hajambo? Mwambie ndizi alizotuma zilifika, na kwamba Shamsia, mwenye duka ninamoshonea nguo, alizisifu mpaka nikabakiwa na nne. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Simu yako huwa unaiweka sauti ya juu mpaka majirani wanaitikia salamu, na haya ninayotaka kusema napenda uyasome kwanza wewe mwenyewe.

Ni habari ya zile mbio za Mei. Unakumbuka nilivyokusumbua majuma matatu unikubalie kuingia timu ya kanisa letu, tukimbie kwa kupokezana kijiti usiku kucha kutoka Bulyaga mpaka Kyela. Ulikuwa mgumu. Ulisema binti hana kazi barabarani saa nane za usiku. Kisha siku moja ukasimama mbele ya wazee wa kanisa ukasema Elina wako hatakuaibisha, nami nikawa msichana peke yangu kati ya watu wanane. Ndugu Ambindwile, kiongozi wa timu, alinipa kipande cha sita, nipokee kijiti kutoka kwa mdogo wangu Jotham. Masharti alituimbisha kama kwaya: kila mtu akimbie kipande chake tu, maana mmoja akikimbia viwili timu nzima inatolewa, anayesubiri asiondoke kituoni, anayekuja apulize filimbi akikaribia, kwa kuwa ukungu wa huku haukuoneshi hata mkono wako.

Yaliyotokea unayajua kama nilivyoyasimulia mimi. Kwamba timu nyingine zilikuwa zimeshapita, nami nikabaki kituoni peke yangu kwenye mvua. Kwamba Jotham alifika akakataa kunipa kijiti, akitaka kuwafikia wenzetu peke yake apate sifa. Akaunganisha vipande viwili, akaanguka kwenye mteremko, goti likavimba, na asubuhi timu ikatolewa. Ndugu Ambindwile alipomuuliza kama ndivyo ilivyokuwa, Jotham aliniangalia, kisha akasema ndivyo. Na wewe, mbele ya ukoo mzima, ukamwambia kwamba asiyejua kukabidhi kijiti hatakabidhiwa migomba yako, na asikanyage tena uani kwako. Tangu siku hiyo analala Bulyaga kwa rafiki yake Mudathiri, fundi wa pikipiki, na anachechemea.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeingia mwezi wa pili, na miguu imeniishia.

Baba, sikuwa kituoni. Hatua chache kutoka pale nilipowekwa palikuwa na nyumba yenye msiba. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai, akina mama wakiimba taratibu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu hapiti msibani kama anayepita sokoni. Anaingia, anatoa pole, anakaa kidogo, ndipo anaomba njia. Nikaingia. Bibi mmoja akanishukuru, ndaga, mjukuu wangu, akanisogezea kigoda karibu na moto na kikombe cha chai. Jotham peke yake ndiye niliyemweleza habari hii, nami nilimwambia kwamba usingizi ulinipitia palepale kwenye kigoda.

Hata hilo ni uongo. Nilikuwa macho. Nilisikia filimbi yake ikija kwenye ukungu. Ikalia tena pale kituoni, na mara ya tatu ikalia kwa muda mrefu. Watu walikuwa kwenye sala, nikajiambia si adabu kuinuka wenzangu wakiomba. Ukweli ni kwamba kipande changu kilikuwa kinapita bonde la mianzi, tochi yangu imefifia, na niliogopa. Nikainamisha kichwa kama mfiwa, nikaufanya msiba wa watu kuwa maficho yangu. Nikasikia viatu vyake vikiondoka, nikashukuru. Huko kushukuru ndiko kunakoninyima usingizi mpaka leo.

Juzi nilimuuliza Jotham kwa nini alikubali kosa lisilo lake. Akasema kwamba ukweli ungetoka, wewe usingemruhusu tena binti yeyote wa nyumba yako kutoka hata kwenda kwenye kwaya, na mdogo wetu Esnath ndiyo kwanza ameanza kukimbia shuleni. Akasema goti lake litapona tu. Daktari hakumwambia hivyo, Baba, nilikuwepo. Na hili la filimbi bado halijui.

Sikuombi unisamehe haraka. Jumapili nitasimama kanisani niyaseme haya mwenyewe, mbele ya wale wazee waliokusikia ukinisifu. Adhabu utakayonipa nitaipokea, ila usimfungie Esnath mlango kwa ajili yangu. Msalimie sana Mama, na shangazi Beatrice, na wote wa huko Kinyala wanaoniulizia. Mungu akutunze.

Binti yako aliyekuaibisha,
Elina

Barua hii imeletwa na Jotham. Nilimwambia ni vipimo vya suti yako, na kwamba nahitaji jibu leo hiihii. Esnath atakuwa amekuingizia ndani, kwa sababu Jotham alisema ulimkataza kukanyaga uani, naye hatakanyaga. Yuko nje njiani amesimama, na goti lake halivumilii kusimama muda mrefu.